Kusema wazi humwamini Mungu ama kukaa kimya, hapa Kenya

Kisheria uko sawa kabisa, katiba ya 2010 ibara ya 8 inasema hakuna dini ya serikali, ya 32 inalinda imani na dhamiri ya kila mtu, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki saba wasio na dini, so hauko peke yako.

Shida iko nyumbani. Ukinyamaza amani inakuwepo, Krismasi unaenda kanisa na mathe, kwa harambee ya karo jina lako halirukwi, lakini ukiambiwa "hebu tuombee chakula" watu wote wameshafunga macho wanakungoja wewe, unatunga maneno usiyoyaamini mbele ya watu unaowapenda, na hiyo inachosha roho jamani.

Ukisema wazi unapumua. Ila mathe atalia, shangazi ataleta pasta, na swali litakuja tu, wewe ukifa nani atakuzika?

Mimi napendelea uwazi, lakini kama bado unalipiwa karo ama unalala kwao ngoja kwanza, ukishajitegemea anza na ndugu mmoja unayemwamini kabla hujaweka status.