Brashi tatu za kunyolea ndevu, na ile ninayoishika kila asubuhi hapa Mafinga

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza. Brashi ya kwanza nilinunua kwa shilingi 5,000. Ya pili ilinifikia kwa 48,000 pamoja na gharama ya kutumiwa kwenye basi. Ya tatu nimelipa 27,000. Iliyoniuma ni ile ya 5,000, kwa sababu haikumaliza wiki tatu. Nyingine mbili ninazo mpaka leo, na nataka kuzieleza vizuri kwa mtu anayefikiria kununua, hasa anayeishi huku kwetu kwenye baridi.

Mimi ni fundi seremala. Ndevu zangu ni za kipilipili, ngumu, na za shingoni zinaota zikiwa zimelala. Miaka mingi nilikuwa nikinyoa leo, kesho shingo imejaa vipele, kola ya shati ikigusa tu nasikia moto. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyenieleza kisa chake: unywele uliojikunja ukikatwa chini sana, ncha yake iliyochongoka inapinda, inarudi kuchoma ngozi na kuota ndani kwa ndani. Akanishauri niache kukwangua ndevu zikiwa kavu. Nizilowanishe kwa maji ya moto, nipake povu zito, nitumie wembe mkali wa makali mamoja, nisikandamize, na nifuate upande zinakolalia. Yote hayo niliyaweza isipokuwa povu. Kwa vidole unapata utelezi mwepesi unaokauka kabla hujafika kidevuni. Brashi inaingiza maji na sabuni mpaka kwenye shina la unywele na kuuinua ule uliolala. Kazi yake ni hiyo.

Ya kwanza niliipata Mbeya, soko la Mwanjelwa, siku niliyofuata visu vya mashine ya randa. Ilikuwa ndani ya nailoni iliyobanwa, mpini unang'aa rangi ya dhahabu, manyoya yana mstari mweusi katikati na ncha nyeupe. Nikaomba nifungue niitazame, muuzaji akakataa, akasema nikifungua nimenunua. Nikalipa. Asubuhi yake maji kwenye kikombe yakawa ya kijivu. Ule mstari mweusi ulikuwa umepakwa rangi! Usoni nikabaki na vinyweleo vimenata kila mahali, na ilikuwa hivyo kila siku mpaka kishungi chote kikaanza kucheza kwenye mpini.

Niliipeleka kwenye benchi nikaipasua kwa msumeno mdogo. Manyoya yalikuwa yameshikwa na gundi juu juu tu, kaukoko kembamba kuliko unene wa shilingi, na chini yake tundu tupu. Unyevu ulikuwa umeingia humo na gundi imegeuka nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Nikiri na langu: asubuhi za Juni nilikuwa namimina maji ya chupa ya chai yakiwa bado yanachemka. Maji ya namna hiyo yanaharibu gundi, hata iliyo bora, na manyoya ya mnyama yanakakamaa. Maji yawe ya moto ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani bila kuchomoka. Lakini hata kwa maji ya uvuguvugu, brashi ile isingefika mbali.

Pale ndipo nilipotambua kwamba brashi ya ndevu nilipaswa kuichagua kama ninavyochagua brashi ya vanishi. Brashi nzuri ya vanishi, ya manyoya ya nguruwe, ukiitazama juani unaona kila unywele umepasuka nchani, umegawanyika vijiti viwili vitatu vyembamba sana. Vijiti hivyo ndivyo vinavyobeba vanishi. Brashi ambayo ncha zake zimekatwa kwa mkasi zikawa butu inaacha michirizi kwenye mbao, na usoni inachoma kama ufagio. Kwa brashi ya ndevu ni vilevile. Mtengenezaji anayejali hapunguzi ncha kwa mkasi ili apate umbo. Anayapanga manyoya kwenye kikombe cha umbo, ncha zikiwa chini, kisha anafunga shina, na ncha zinabaki za asili. Kwa hiyo ukiwa dukani, nenda nayo mlangoni penye mwanga, uitazame nchani kabla hujatazama mpini.

Ya pili ni Omega, inatengenezwa Italia, ya manyoya ya nguruwe. Mpwa wangu aliyeko Dar aliniagizia, nikaipokea stendi ikiwa kwenye boksi. Siku ya kwanza sikuipenda. Ilikuwa ngumu, na ikilowa inatoa harufu ya zizi. Mpwa akanipigia simu: "Mjomba, usiitupe, hiyo inafundishwa." Kweli inafundishwa. Manyoya ya nguruwe yananyonya maji, kwa hiyo kabla ya kunyoa unailoweka dakika tatu au nne mpaka ilegee. Kila siku nilipiga povu hata kama sinyoi, nikasuuza, nikaikausha. Harufu iliisha wiki ya kwanza. Kama siku ya ishirini hivi niliipeleka dirishani nikaona zile ncha zimeanza kupasuka kama za brashi yangu ya vanishi, na siku hiyo povu lake usoni lilikuwa kama malai ya maziwa ya mgando. Kwa mwaka mzima imedondosha manyoya yasiyozidi kumi, na yote mwanzoni. Hilo ni la kawaida. Brashi inayoendelea kunyonyoka mwezi wa pili ni mbovu.

Ninaipenda brashi ile. Uti wake una nguvu, inasukuma sabuni ngumu mpaka ikubali, na kwenye ndevu za siku nne haina mpinzani kati ya hizi zangu. Shida yake imekuja na ukungu. Anayeijua Mufindi yetu anajua Juni mpaka Agosti ilivyo: asubuhi huoni mti wa pili, nguo kwenye kamba zinashinda siku tatu, na chai inastawi kwa sababu hiyohiyo. Ukungu wa nje ukikaa sana unazaa ukungu wa ndani, na sijui kama ni bahati kwamba Kiswahili kimeviita vyote jina moja. Manyoya yaliyonyonya maji hayakauki kati ya asubuhi moja na nyingine. Julai niliona vidoa vya kijani kwenye shina. Niliiosha kwa sabuni, nikaisuuza kwa maji yenye siki kidogo, nikaianika juani siku lilipotoka, ikapona. Lakini nilijua siwezi kuitegemea msimu wote wa baridi.

Kuna jambo lingine kuhusu hii. Jirani yangu, Alhaji, aliiona akataka nimwagizie yake. Nikamweleza ni ya nguruwe, akarudisha mkono. Ni vizuri kumwambia mtu mapema, kwa sababu kwenye boksi utakuta neno "boar" au "bristle" tu, na mtu asiyejua atapita. Ukiona "badger", huyo ni mnyama mwingine, ndugu wa mbali wa nyegere wetu, na manyoya yake mengi yanatoka China. Ndizo brashi zenye sifa kubwa duniani. Manyoya yanachambuliwa kwa daraja, na yale ya juu yana ncha nyeupe laini kuliko yote. Sikununua. Bei yake ni mara kadhaa ya niliyolipa, na nayo inabeba maji mengi katikati ya manyoya, haitaki haraka ya kukauka. Halafu ndiyo hiyohiyo inayoigizwa kwa manyoya ya bei nafuu yaliyopakwa rangi, kama nilivyouziwa mimi. Kitambaa cheupe kilicholowa kidogo kitakuambia ukweli ukikisugua kwenye ule mstari mweusi.

Na brashi ya manyoya isiyo na jina la mtengenezaji wala maelezo ya mnyama gani, mimi sigusi tena. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Marekani, watu waliugua kimeta na wengine wakafa kutokana na brashi za kunyolea za manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa inavyotakiwa. Viwanda vya leo vinayasafisha. Ila sisi tunaofuga tunakijua kimeta, na sioni sababu ya kuweka karibu na wembe kitu nisichojua kimetoka wapi.

Ya tatu niliikuta Iringa mjini, duka la vifaa vya saluni. Dada aliyekuwa anauza alikuwa wa umri wa binti yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Naomba ile brashi niishike."

"Hii ni ya nyuzi za kiwandani baba, siyo manyoya ya mnyama. Nikutolee kwenye boksi?"

"Nitolee. Na maji kidogo, kama yapo."

Akaleta maji kwenye kifuniko cha chupa yake. Nikailowesha, nikaikandamiza kiganjani. Ilifunguka kama ua, ncha laini kabisa, nilipoiachia ikasimama yenyewe. Nikazitenganisha nyuzi kwa vidole nitafute gundi: iko chini, imejaa, sawasawa pande zote, haina tundu. Nikavuta kidogo, hakuna uliotoka. Nikatoa rula mfukoni: upana wa shina la nyuzi milimita 24, kimo cha nyuzi juu ya mpini milimita 51. Kipimo hicho kwangu kinatosha uso wote bila kuziba pua. Shina likiwa chini ya milimita 20 utapiga povu mpaka mkono uchoke. Yule dada alinisubiri bila kununa, na kwa hilo tu nimeshawapeleka wateja wawili.

Imetengenezwa China, mpini ni wa plastiki nzito. Hiyo nayo nitaisemea kama fundi: mpini wa mbao unapendeza, lakini uangalie mbao gani na imepakwa nini. Paini yetu ya msitu wa Sao Hill kwa kenchi na milango sawa, kwenye maji ya kila siku itavimba na kupasuka. Mpingo ungeweza, ni mzito, unazama majini, na hauogopi unyevu kirahisi. Siku moja nitaukereza wangu.

Nyuzi hazinyonyi maji. Hakuna kuloweka, unachovya na kuanza, na sabuni kidogo inatosha. Ukiikung'uta mara tatu na kuipitisha kwenye taulo, jioni imekauka, hata Julai. Niliyoyakosa ni joto na ule uzito: brashi ya nguruwe inashika maji ya moto na kukupa usoni polepole, hii inapoa haraka, na baridi ya saa kumi na mbili asubuhi unaisikia. Pia inachezacheza kama springi, povu jepesi linarukia kioo usipopunguza maji. Lakini vipele vya shingoni vimebaki viwili vitatu badala ya shingo nzima, na muuguzi yule ameona.

Kwa mtu wa Mafinga, Njombe au Tukuyu anayetaka brashi moja tu, anunue ya nyuzi, milimita 24, na ailipie 27,000 bila kusita. Asiifungie kwenye mfuko wala kikombe, na asimwazime mtu, hata ndugu. Alhaji ameshachukua yake na anaisifia msikitini.

Ile ya Italia nimeikausha vizuri, ipo juu ya kabati la jikoni upande wa jiko. Septemba jua likirudi, inashuka.