Filta gani ya kiza uinunue kwanza kwa picha za kusogeza kamera Lamu

Simama ufuoni Shela saa sita mchana, weka ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, bana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikipanda, tundu hupungua), kisha angalia kamera inakupa kasi gani ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Utapata kama 1/60 ya sekunde, na ukiuelekea ule mchanga mweupe utaikaribia 1/100. Kwa kasi hiyo hata ukiivuta kamera kwa nguvu zako zote, picha hutoka na ukungu mdogo tu, kama ya mtu aliyetetemeka mkono, na kila utakayemwonyesha atakuonea huruma.

Picha za kusogeza kamera makusudi zataka shata ikae wazi baina ya 1/15 na sekunde moja. Hapo ndipo tanga la jahazi hugeuka mchirizi mmoja mweupe na mikoko ikawa mistari ya kijani isiyo na majani. Kutoka 1/60 hadi nusu sekunde ni stopu tano, na kila stopu hukata mwanga nusu. Hizo stopu tano ndizo unazokwenda kuzinunua. Kamera na lenzi ulizonazo zatosha, hata ile lenzi ya 18-55 iliyokuja ndani ya boksi. Filta ndiyo ya kuchagua, nami nazipanga hivi.

Ya kwanza, bila ubishi, ni ND64 (ND ndiyo alama ya filta ya kiza) ya kukaza, ya kioo. Inakata stopu sita. Mchana wa Lamu itakupa kama theluthi ya sekunde kwenye f/11, na nusu sekunde au zaidi kwenye f/16. Hiyo f/11 ina faida wasiyoisema wauzaji: ukibana hadi f/22, kila chembe ya vumbi iliyoganda kwenye sensa huonekana angani kama nzi, na kisiwa chenye mchanga na upepo wa kusi vumbi halikosekani. Faida ya pili ni kwamba bado unaona. Kiza chake si kikubwa hata ushindwe kulifuata jahazi kwa jicho, na kulifuata ndiyo kazi yenyewe. Mimi hulisubiri litoke upande wa kisiwa cha Manda, nausogeza mwili kuanzia kiunoni kwa mwendo ule ule wa chombo, nabonyeza nikiwa tayari nasogea, na sisimami mpaka shata ijifunge. Ukianza kusogea baada ya kubonyeza, utapata jahazi mbili: moja imesimama, nyingine imekokotwa.

Kabla ya kulipa, iweke filta juu ya karatasi nyeupe, au kanzu ya muuzaji kama anayo. Weupe ugeuke kijivu. Ukiona wekundu au zambarau, irudishe mezani. Rangi hiyo itakufuata kwenye kila picha, na maji ya Lamu hayana haja ya kupakwa zambarau.

Juu ya kipimo watu wengi hupoteza pesa. Tazama mbele ya lenzi yako, utaona alama ya duara lenye mstari na namba: 49, 52, 55, 58, 67 na kuendelea. Hizo ni milimita. Usinunue filta ya lenzi ndogo uliyonayo leo. Nunua ya lenzi kubwa unayotarajia kuwa nayo, 67 au 77, na ringi ya kupandishia kipimo, ambayo ni ya bei ndogo. Kofia ya lenzi haitaingia tena, lakini kiganja cha mkono wa kushoto chaweza kuzuia jua vilevile.

Ya pili si filta moja, ni mbili pamoja: polaraiza na ND8. Polaraiza hukula stopu moja na nusu hadi mbili, ND8 hukula tatu. Ukizifunga pamoja umezikaribia zile tano. Naziweka hapa kwa sababu polaraiza peke yake ina kazi nyingine: huondoa mng'ao juu ya maji ya kupwa ukaona mpaka mizizi ya mikoko, na hakuna programu itakayokurudishia hilo baadaye. Kuanzia saa kumi na moja jioni waweza kuivua ND8 ukaendelea na polaraiza tu. Jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arubaini, mwaka mzima, na likishazama kiza hakikawii. Ukichelewa dakika ishirini huhitaji filta yoyote. Ubaya wake ni kwamba filta mbili zilizopandana kwenye lenzi pana (yenye kuchukua eneo kubwa) hutia weusi pembeni. Vuta lenzi mbele kidogo.

Ya tatu ni ile ya kuzungusha, inayojitia kiza kidogo kidogo. Ndiyo niliyoanza nayo, na ndiyo iliyonitesa. Nilinunua Mombasa, nikaambiwa hii moja yamaliza yote. Ndani yake ni polaraiza mbili zinazogeuzwa moja juu ya nyingine, na ukiifikisha mwisho kwenye lenzi pana, angani hutokea msalaba mweusi. Picha zangu za kwanza za bandarini zote zina msalaba huo juu ya Manda. Ukiiachia katikati hufanya kazi vizuri, na kwa anayepiga video ni ya kufaa sana. Kwa mwanafunzi wa picha hizi, ya bei rahisi ni hasara, na ya bei kubwa inaishinda ND64 kwa bei tu.

Za mraba zenye kishikio chake naziruka upesi. Ni nzuri kwa mwenye tripodi (miguu mitatu ya kamera) na subira. Wewe unakwenda kusogeza mkono ndani ya mashua, kwenye upepo, na kioo kimoja kikiponyoka kimekwenda na maji.

Wa simu nao wasinung'unike. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibaniki, kwa hiyo mchana utahangaika. Subiri magharibi, fungua hali ya kupanga mwenyewe kama simu yako inayo, weka robo sekunde, uingie vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Lamu mjini. Kuta ndefu zilizobanana zataka mwendo wa juu kwenda chini. Na hapo niseme: bibi aliyevaa buibui hajui kwamba umeweka robo sekunde na sura yake haitaonekana. Anachokiona ni kamera imemwelekea. Muombe kwanza.

Mzigo ukiagiza Nairobi au Mombasa, kwa basi hufika Mokowe, kisha huvuka kwa boti. Mwambie mtumaji aufunge kwa nailoni. Ukirudi kutoka ufuoni, puliza mchanga kabla ya kupangusa, kisha futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi. Filta iliyogandia kwenye lenzi kwa chumvi usiibane kwa vidole viwili; shika ukingo wote kwa kiganja, ukitumia glavu ya mpira, izungushe taratibu. Na uzime kizuia mtikisiko cha lenzi, la sivyo kitapigana na mkono wako.

Ya mwisho ni ND1000, na inauma kusema kwa sababu ndiyo inayosifiwa zaidi. Stopu kumi. Mchana kwenye f/11 inakupa kama sekunde tano, na kwenye kioo cha kuangalilia huoni kitu. Sekunde tano za mkono ni uji mtupu. Hata ukifunga tripodi gatini, vyombo vilivyotia nanga vinacheza na maji, kwa hiyo utapata ukuta mkali na mashua zisizojulikana. Na usiitumie kutazamia jua, haikingi macho. Yangu ipo kwenye droo, 52 mm, haina hata mkwaruzo.