Uzoefu wangu na Unforgiven (1992): yule mzee aliishia wapi, na Sergio na Don ni akina nani?

Nimeirudia Unforgiven ya Clint Eastwood, safari hii na binamu zangu, na ubishi uliozuka mwishoni ndo umenifanya niandike. Kama hujaiona ishia hapa kwanza, ukaiangalie, maana naongelea mwisho wake waziwazi.

Kwa kifupi ni picha la kikoboi, mwaka 1880, mji unaitwa Big Whiskey kule Wyoming. Mteja anamkata usoni kwa kisu binti anayejiuza, sherifu Little Bill (Gene Hackman, yaani yule mzee alistahili kabisa ile Oscar) anawatoza wahusika faini ya farasi tu yameisha, basi mabinti wenzake wanachanga dola 1,000 kwa atakayewaua. Munny, ambaye ni Clint mwenyewe, alikuwa muuaji na mlevi, mke akambadilisha, mke akafa kwa ndui, sasa anahangaika na nguruwe na watoto wawili Kansas. Anaifuata ile hela na rafiki yake Ned, ambaye ni Morgan Freeman, pamoja na kijana mmoja mwenye mdomo sana.

Sasa ule mwisho. Ned ameuawa, Munny anarudia chupa, anaingia saluni na kuua watu, anaondoka kwenye mvua akiwatishia mji mzima. Afu ghafla tunaona nyumba kwa mbali, jua linazama, mti, kaburi la mke, Munny amesimama pale, maandishi yanapita, na yeye anafifia mpaka hayupo. Maandishi yanasema miaka ilipopita mama mkwe alikuja kuzuru kaburi la bintiye akakuta Munny na watoto walishaondoka siku nyingi, wengine wakisema yuko San Francisco anafanya biashara ya vitambaa na mambo yamemnyookea.

Binamu mmoja akasema huyo kafa, tulichoona ni mzimu. Mwingine akasema kafaje wakati wameandika yuko San Francisco, na steling hafi bana.

Mimi nawaambia hivi, angalieni hii muvi inavyozichukulia stori za watu toka mwanzo. Yule binti alikatwa uso, lakini yule kijana anapomsimulia Munny tayari macho yametolewa na masikio yamekatwa, Munny akimfikishia Ned anaongeza na vidole! Kijana anajisifu kaua watu watano, kumbe hajawahi kuua mtu na mbali haoni, siku anaua kweli analia. Kuna mwandishi ana kitabu kizima cha ushujaa wa English Bob, mpiga bastola mwingine humo kwenye muvi, Little Bill anakichambua mbele yao kinabaki uongo mtupu. Kwaiyo baada ya saa mbili za kuonyeshwa kwamba masimulizi ya bunduki hayaaminiki, muvi inakupa “wengine wanasema”. Kwangu hiyo ni makusudi kabisa. Ya San Francisco ni tetesi nyingine tu, na kile kinachojulikana kwa hakika ni kwamba pale kaburini hakuna kitu cha kumweleza mama kwanini mwanae aliolewa na muuaji.

Afu majina yakishapita kuna kasentensi, imetolewa kwa heshima ya Sergio na Don. Majina ya kwanza tu, na kwenye ubishi wetu hakuna aliyewajua. Ni Sergio Leone, mwongozaji Muitaliano aliyempa Clint umaarufu kwenye zile koboi za kuanzia 1964, na Don Siegel aliyemuongoza kwenye Dirty Harry (1971) na Escape from Alcatraz (1979). Leone alifariki 1989, Siegel 1991, muvi ikatoka 1992. Hawa ndo waliomjenga Clint kama mtu wa bastola asiyetikisika, yule tuliyemshangilia kwenye mabanda umiza, na yeye anawaletea picha ambayo kuua kunatia kichefuchefu. Wapo wanaoona anawapinga, mi naona ni heshima kubwa, ni mwanafunzi anayewaonyesha walimu wake alikofika na kazi waliyomfundisha. Bila ile sentensi ningeiona ni koboi nzuri, nikishaijua naiona ni mtu anahesabu maisha yake yote ya sinema.

Ndo maana inaniuma app niliyotumia, majina yakianza tu inakurushia muvi nyingine. Zimeni hicho kitu kwenye setingi kabla hamjaanza, kaeni mpaka mwisho.

Naipa 9 kati ya 10. Katikati inaenda taratibu, anayetaka risasi dakika ya kwanza atachoka, na kuna ukatili na matusi kwaiyo watoto wakalale kwanza. Na binamu yangu wa mzimu, kama unasoma hapa, rudia ile sehemu ya kitabu cha English Bob afu unipigie.