Mguu wa mtumba wa mashine ya boti Mombasa: upi uufuate, upi uupite

Mashine ya boti ikizeeka, kichwa na mguu havifi siku moja. Kichwa, pale penye pistoni na kabureta, fundi mzuri wa Mtongwe au Mtwapa atakifufua mara nyingi. Mguu ndio wenye kazi: ile sehemu ya chini yenye gia, shafti na propela, inayoshinda kwenye maji ya chumvi na inayotangulia kugonga mwamba bamvua likipwa. Mguu mpya ni ghali, na kwa mashine ya zamani huenda ukaagizwa ukangojewa. Kwa hivyo mwenye boti ya kuvua au ya kutembeza wageni hutafuta wa mtumba, auweke akiba.

Ila kwanza, fungua wako. Sababu kubwa ya mguu kuingia maji si gia kusagika. Ni mshipi wa nailoni uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili, pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Ukiwahi mapema, sili mbili na oili mpya zinakutoa. Ukichelewa, maji yanakula beringi, beringi inalegea, gia zinaanza kukosana, na hapo ndipo unapoingia sokoni.

Ninavyopanga mimi, chaguo la kwanza ni mashine nzima iliyokufa kichwa, ya modeli ileile kama yako. Watu huikwepa kwa sababu ya ukubwa wa bei, lakini piga hesabu: unapata mguu, pampu ya maji, fito za gia, bano la kufungia botini, na bolti zenye saizi sawasawa. Kubwa kuliko hayo, unajua mguu umetoka wapi. Kwa Yamaha Enduro ya nguvu 40, ambayo Pwani imejaa tele, mashine za namna hii hazikosekani ukiuliza kwenye bandari za wavuvi. Angalia urefu wa shafti kabla ya kulipa. Yamaha hutoa fupi ya inchi 15, ndefu ya inchi 20, na ndefu zaidi ya inchi 25, na shafti ya kusimama iliyomo mguuni hufuata urefu huo. Mguu wa fupi hauingii kwenye ndefu mpaka uhamishe shafti yako ya zamani, na shafti yenye meno yaliyoliwa na kutu haifai kuhamishwa.

La pili litawashangaza wengine: mguu uliotoka Ziwa Victoria. Maji ya Kisumu na Mbita hayana chumvi, kwa hivyo aluminiamu haijaliwa, na bolti zinafunguka kwa spana bila kupigwa moto. Mguu wa baharini wa umri uleule unaweza kuwa na gia nzima kabisa ndani, lakini kizibo kinachoshika beringi za shafti ya propela kimeganda mahali pake, na siku utakapotaka kubadilisha sili utalazimika kukivunja. Ubaya wa mguu wa ziwani ni mchanga na gugu maji, ambavyo huumiza pampu ya maji. Impela, kigurudumu cha mpira ndani ya pampu, ni kitu kidogo, nunua mpya. Huko mashine ndogo ndizo nyingi, basi ukitafuta mguu wa nguvu 75 utahitaji subira.

Miguu iliyoletwa kutoka nje, Dubai au Ulaya, naiweka ya tatu. Iliyotoka kwenye maziwa ya Ulaya huwa misafi ajabu. Iliyotoka Ghuba imeishi kwenye chumvi kama yetu, tena maji ya moto zaidi, na rangi mpya haibadilishi hilo. Muuzaji akikuambia ni ya ziwani, mwambie afungue bolti moja tu ya chini mbele yako. Bolti itasema.

La nne ni mguu wa kuunganisha, yaani fundi amechukua ganda hapa, gia pale, shafti kwingine. Siudharau, nimeona iliyofanya kazi vizuri. Lakini gia ya kusimama na gia ya mbele huzoeana zikisagana pamoja, na mpangilio wake hutegemea vibati vyembamba vinavyowekwa kwa kipimo. Fundi asiyepima nafasi kati ya meno atakupa mguu unaolia wiki ya kwanza na kukatika baadaye. Ununue kwa fundi ambaye atakuwepo mwezi ujao, na awe tayari kuandika alichobadilisha.

Wa mwisho kabisa ni mguu wa lundo la skrepa, uliopakwa rangi. Ukiuchukua, uchukue kwa bei ya chuma, kwa ajili ya vipande. Usiufunge botini.

Kuupima

Nenda na bisibisi pana, spana, kipande cha sumaku na kitambaa cheupe. Mguu uwe umesimama tangu jana yake, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hushuka chini. Legeza skrubu ya chini kidogo. Tone la kwanza likiwa maji matupu, sili imekufa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mguu umefanya kazi na maji ndani, na beringi zimeshaonja. Oili nyeusi inayonuka kuungua ni mbaya vilevile. Oili safi inayong'aa nayo isikufurahishe upesi: inaweza kuwa imewekwa asubuhi ile ile. Hapo unategemea sumaku. Tope laini la kijivu kwenye ncha ya skrubu ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno ya gia.

Kisha ingiza gia ya mbele, zungusha shafti ya kusimama kwa mkono, usikilize. Fanya hivyo kwa gia ya nyuma. Gia inayoruka ikibanwa kidogo kwa mkono itaruka kweli ukiwa Likoni unakwepa feri. Weka huru, zungusha shafti ya propela huku umeshikilia kipande cha waya karibu na ncha yake. Ncha ikicheza, shafti imepinda, na shafti iliyopinda itakata sili mpya kila mara. Pitisha kucha kwenye pezi la chini na shingo ya mguu kutafuta mstari wa kuchomelewa chini ya rangi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha upepo. Mwaga oili, funga kishikizo cha pampu kwenye tundu la juu, jaza hewa pauni 10 hivi, ngoja dakika kadhaa. Ukishuka, paka maji ya sabuni uone povu linatokea wapi. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekupa jibu.

Mashine ya ndani, mguu wa nje

Boti za zamani za starehe zilizofungwa Tudor na Mtwapa nyingi zina MerCruiser, injini ndani na mguu nyuma. Hapa makosa ni ya ghali zaidi. Miguu ya MerCruiser huwa ya aina kama Alpha One na Bravo. Mguu wa Alpha One wa kizazi cha kwanza na wa kizazi cha pili, uliotoka mwaka 1991, nusu ya juu ya mmoja haioani na nusu ya chini ya mwingine, na pampu zao za maji ni tofauti. Wa Bravo haufungwi kabisa kwenye kitako cha Alpha, yaani kishikizo kilicho nyuma ya boti. Soma namba iliyo kwenye mguu, usiamini mdomo.

Jambo jingine ni uwiano wa gia. Injini ya silinda nne hutaka shafti izunguke karibu mara mbili kwa mzunguko mmoja wa propela. V8, yenye silinda nane, hutaka karibu mara moja na nusu. Tia alama kwa chokaa, zungusha propela mara kumi, hesabu shafti imezunguka mara ngapi. Ukimpa silinda nne mguu wa V8, boti haitapanda juu ya maji hata ukanyage vipi.

Karatasi na wakati

Namba ya Yamaha ipo kwenye bano la kufungia, si kwenye mguu, na wezi wanalijua hilo. Uliza mashine iliyobaki iko wapi. Ukinunua ufukweni, mtu wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufukwe, ya hapo awe shahidi, risiti iandikwe modeli na jina la muuzaji. Ukinunua skrepa, kumbuka Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni.

Tafuta wakati wa kusi, boti zikiwa zimepandishwa na wenyewe wanataka pesa. Kaskazi ikikaribia kila mtu anakumbuka mguu wake, na bei inajua.

Ukishaupata, ujaze oili mpaka juu, uusimamishe kivulini, uzungushe shafti kila mwezi ili beringi zipate mafuta. Impela usiiweke mpaka siku ya kufunga, kwa sababu mpira ukikaa umekunjwa hubaki umekunjwa.