Fimbo gani na chambo gani ununue kwa maji ya Nyanda za Juu Kusini, masika mpaka kiangazi

Watu wengi wanaoanza kuvua kwa fimbo huku kwetu wanajifunzia YouTube, na video karibu zote ni za Wamarekani wanaovua bass, samaki mla nyama wa kwao. Ni video nzuri, shida yake zinagawa mwaka kwa majira yao, kipindi kile maji yanapopata joto la nyuzi 16 mpaka 20 bass anakwenda kutaga, sijui baridi kali anashuka chini kabisa, halafu mtu wa Uyole au Mafinga ananunua vitu kwa kufuata kalenda hiyo wakati bass wa karibu tunaowasikia wako Naivasha kule Kenya. Sisi tuna mbasa na kambale wa Ziwa Nyasa, tuna trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni kwenye maji ya baridi ya Mufindi na Rungwe, tuna perege kila bwawa, na upande wa Mtera na Ruaha Mkuu yuko yule mwenye meno marefu wanaomwita taiga. Na mwaka wetu unagawanyika kwa mvua, baridi na jua.

Kitu kimoja cha bass kinachotufaa sana ni kwamba wale jamaa wanabadilisha chambo kwa kuangalia maji, joto lake na uchafu wake, na hilo halina Marekani wala Kyela. Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama hapa: nunua fimbo moja ya maana itakayokaa miaka, halafu hela ya msimu peleka kwenye chambo na uzi. Usinunue fimbo tatu za bei chee.

Tuanze na fimbo, napanga kuanzia ile ningekwambia ununue leo.

Namba moja ni fimbo ya vipande viwili, futi sita na nusu mpaka saba, imeandikwa M (ugumu wa kati) au ML (laini kidogo kuliko hiyo) pale juu ya mshikio, na rili, yaani kifaa cha kukunjia uzi, ya kawaida ile inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Soma yale maandishi kabla hujalipa, huwa wanaandika uzito wa chambo inachobeba, ukiona inaanzia gramu 5 au 7 na kuishia 20 hivi hiyo chukua, inarusha chambo cha trauti (sio kwa raha sana ila inarusha) na inamhimili mbasa au kambale wa wastani. Vipande viwili kwa sababu utasafiri nayo kwenye kosta na bodaboda, fimbo nzima ya futi saba kutoka Mbeya mpaka Matema ni mateso tupu. Kama utapata yenye mchanganyiko wa fiberglass na kaboni bora zaidi kwa anayeanza, zile Ugly Stik za Shakespeare ziko sokoni tangu 1976 kwa sifa hiyohiyo ya kutovunjika ovyo, na fimbo yenye asili hiyo hata ikiwa mtumba aliyoleta mtu kutoka nje naipenda kuliko mpya isiyoeleweka. Kaboni tupu ni nyepesi na unasikia samaki hata akigusa tu, lakini ikigongwa kwenye jiwe inapata ufa usioonekana na siku nyingine inakatika bila taarifa. Halafu kaboni inapitisha umeme. Huku kwetu radi za Novemba mpaka Aprili mnazijua, likianza kunguruma laza fimbo chini uondoke majini, na usirushe karibu na nyaya za umeme, hili nalisema kwa uzito wote.

Namba mbili, na najua kuna watakaokataa, ni mwanzi. Iringa na Njombe mianzi ya ulanzi imejaa, unakata mmoja ulionyooka, unaukausha kivulini taratibu, unafunga nailoni, kielea, chubwi kidogo na ndoano ndogo namba 8 au 10, umemaliza. Kwa perege hakuna cha kuushinda, perege mwenyewe hana habari na chambo bandia, anataka nyungunyungu au kidonge cha ugali, sasa kwa nini umnunulie fimbo ya kurushia mbali wakati anakula mita tatu kutoka ulipokaa? Kama unaanza na watoto kwenye bwawa la kijiji anza na mwanzi, hela tunza.

Namba tatu ni fimbo ya inzi, ile inayorusha chambo chepesi cha mfano wa mdudu kwa uzito wa uzi wenyewe, ya futi 9 na ya uzi wa uzito namba 5. Hii ni ya trauti tu na ni ya mtu aliyeshaamua kwamba Mufindi atakuwa anakwenda mara kwa mara, kwenye yale mabwawa ya mashamba ya chai ambako unaomba ruhusa kwa wenyewe. Ni tamu mno kuitumia ila inataka mazoezi uwanjani kabla ya majini, na uzi wake maalum ni ghali peke yake, kwa hiyo siipandishi juu ya hapo.

Namba nne fimbo za kuchomoa kama antena, ndizo zilizojaa madukani kwa sababu ni ndogo na bei rahisi. Ukikosa kabisa nunua, ila chomoa kila kipande hapo hapo dukani, kisipokaza au kikikataa kurudi iache, na mchanga wa ziwani ukiingia kwenye maungio imekwisha. Namba tano ni ile rili ya juu wanayotumia sana wavuvi wa bass, ile ya kuzuia kwa dole gumba. Kwa anayeanza sikushauri, uzi unajisokota hadi unakata kwa kisu, na chambo vyepesi vya trauti haivirushi.

Ukiwa dukani pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo, ikinasa nyuzi ujue pete ina ufa na itakukata uzi ukishika samaki mzuri. Rili izungushe taratibu usikilize, halafu legeza breki, ile inayoachia uzi samaki akivuta sana, uvute uzi kwa mkono: inatakiwa utoke laini, bila kukwamakwama. Breki ya kukwama ndiyo inayopoteza samaki wakubwa, sio nguvu ya uzi.

Uzi wenyewe sasa. Nailoni za soko la Mwanjelwa pale Mbeya au Kyela mjini ziko nyingi na nyingine ni nzuri tu, lakini usichukue ile iliyoning'inizwa nje juani miezi, jua linaua nailoni. Omba wakate kipande, funga fundo, lowesha kwa mate, vuta kwa nguvu. Kwa mto wa trauti nailoni inayohimili ratili 4 mpaka 6, kwa ziwa na Mtera ratili 10 mpaka 15. Uzi wa kusuka unafika mbali na haunyumbuki, ziwani ni raha, ila ufukwe wa Matema kule mwisho chini ya milima ya Livingstone ni mawe matupu na uzi wa kusuka ukisugua jiwe unakatika mara moja, kwa hiyo mbele yake funga nailoni nene kama mita moja.

Haya, chambo bandia, na hapa ndipo msimu unapoingia.

Ya kwanza kabisa kwangu ni spina, kile kibati kinachozunguka kwenye waya. Mepps wa Ufaransa wanatengeneza Aglia tangu 1938 na mpaka leo sijui kitu kinachovua samaki wengi tofauti kama hicho. Namba 1 ina gramu tatu na nusu hivi, hiyo ya trauti, namba 3 iko kwenye gramu sita na nusu, hiyo ya ziwani na Mtera. Nunua rangi mbili tu, fedha na shaba au dhahabu. Fedha kwa maji meupe na jua, shaba kwa maji yaliyochafuka. Za kuiga zipo nyingi, kipimo ni kimoja: ivute kwenye ndoo ya maji au karai, kibati kianze kuzunguka papo hapo hata ukivuta polepole. Kisipozunguka hiyo ni hereni.

Ya pili ni kijiko, kile chuma kilichopinda, gramu 12 mpaka 20. Kazi yake ni upepo. Kipindi cha baridi, Mei kwenda Agosti, Ziwa Nyasa linapigwa na upepo wa kusini na chambo chepesi kinarudishwa usoni kwako, kijiko kinakwenda. Pia unaweza kukiacha kizame uhesabu moja mpaka kumi ndio uvute, ukatafuta samaki alipo kwa kina.

Ya tatu samaki bandia wa sentimita 7 mpaka 9, mwembamba, mgongo mweusi tumbo la fedha. Hii ni kwa ajili ya mbasa moja kwa moja. Mbasa mkubwa anakula usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, na kitu chembamba cha fedha kinachoyumba ni usipa mgonjwa machoni pake. Rapala wa Finland ndio wanaosifika kwa umbo hilo, Lauri Rapala alichonga wa kwanza 1936, lakini bei yake inauma ukikatiwa kwenye mwamba, kwa hiyo nisingekwambia uanze nayo. Minyoo ya mpira nimeiweka ya nne, kwa bass ndiyo mfalme ila huku inachezewa na samaki wadogo wanang'ata mkia tu, na popa, chambo kinachoelea na kurukisha maji ukikivuta, ni ya tano, inunue mwisho.

Kwa msimu inakuwa hivi. Mvua zikishika, Desemba mpaka Aprili, mito inashuka na udongo mwekundu, basi tumia spina ya shaba kubwa kidogo au chambo cheusi, kitu kinachotikisa maji samaki akisikie kabla hajakiona, uvute polepole. Wakati huu huu mbasa wanapanda mitoni kutaga, Kiwira na mingine, na wamepungua sana kwa sababu watu wanawasubiri mdomoni mwa mto na nyavu. Naomba sana tusiwe miongoni mwa watu hao. Vua ziwani, pale maji mekundu yanapokutana na ya buluu, na ukimpata jike limejaa mayai mrudishe. Ndoano za meno matatu zibadilishe uweke ya jino moja, na kile kijino cha nyuma kibonyeze na koleo, hapo kumtoa ni sekunde.

Juni mpaka Agosti, baridi ya Mufindi, maji meupe kama kioo. Trauti anapenda maji ya nyuzi 10 mpaka 16, kwa hiyo yeye yuko vizuri tu, ila anakuona. Spina ndogo kabisa ya fedha, uzi mwembamba, nguo isiyong'aa, simama mbali na ukingo. Septemba mpaka mvua za kwanza maji yamepungua na jua linachoma, trauti joto likikaribia nyuzi 20 anahangaika na hewa, mwache apumzike, geukia Mtera alfajiri na jioni. Huko sasa kwa taiga lazima waya, sentimita 15 au 20 mbele ya chambo, bila waya unamgawia tu chambo chako. Na hapo ndipo popa inapata kazi. Mamba na viboko wapo Mtera, usivue umeingia majini hata magotini.

Kambale sijamsahau, yeye anavua kwa harufu na zile sharubu, usiku, chambo bandia asilimia kubwa ni kupoteza muda. Utumbo wa kuku, ndoano kubwa, chubwi, fimbo ile ile namba moja.

Kuhusu bajeti, kama umeshika laki na nusu, nusu yake iende fimbo na rili, robo uzi mzuri na ndoano, robo inayobaki spina tatu na kijiko kimoja. Usiguse yale masanduku ya mtandaoni yenye vipande mia na zaidi, ndoano zake zinanyooka kwa vidole, ijaribu tu uone. Ukikosa kitu Mbeya au Iringa agiza Kariakoo kije na basi, ila fimbo mwambie mtu aifungie ndani ya bomba la plastiki la maji. Na kabla hujarusha popote pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri uulize leseni na kama maji hayo yamefungwa kwa kipindi hicho, maana kuna nyakati yanafungwa samaki wazaliane na vifaa vyako vinaweza kuchukuliwa.