Fulana sitini za ukoo na neno "tollendo": uzoefu wangu wa kutafsiri kaulimbiu kwa Kilatini, Moshi

Ukoo wetu ni wa Kibosho. Mwaka mzima tumetawanyika, Desemba tunarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama vifaranga. Mwaka jana kikao kikaamua tushone fulana, na baba mdogo wa Dar akaleta kaulimbiu ya Kiingereza: We rise by lifting others. Tunainuka kwa kuwainua wengine. Inatufaa, maana tuna mfuko wa kusomesha watoto wa ukoo na umeshatoa wahitimu. Bibi akauliza kwa nini isiandikwe Kiswahili tu. Hakuna aliyemjibu, baba mdogo alishaona beji ya shule ya wanawe ina Kilatini, na roho yake ilikuwa hukohuko. Mimi ni katibu, kwa hiyo mzigo ukanidondokea.

Nilinunua huduma mara mbili. Ya kwanza sitaitaja jina, ni duka la kuchapa fulana hapa mjini. Nilipouliza kama wanamjua mtu wa Kilatini, kijana wa grafiki akasema "hiyo tunafanya wenyewe, elfu kumi." Akatoa simu mbele yangu, akabandika Kiingereza kwenye programu ya kutafsiri, ikatema: Surgimus alios tollendo. Dakika moja haikufika. Roho iliniuma kwa ile elfu kumi, kwa sababu simu hata mimi ninayo.

Nyumbani nikajifanya mjanja. Nikachukua kile Kilatini nikairudishia programu ileile, ikanipa Kiingereza chetu neno kwa neno. Nikalala usingizi mzuri. Kumbe jaribio hilo halipimi kitu: neno likiwa na maana mbili, programu inapita njia ile iliyojia, ile ya pili haikuonyeshi. Sampuli ikachapwa, nikairusha kwenye grupu la ukoo.

Aliyetuokoa ni shangazi. Hajasoma Kilatini, ila ameimba kwaya ya kanisa zaidi ya miaka thelathini, na kwaya yao bado huimba baadhi ya misa kwa Kilatini. Akatuma sauti: "Baba, hiyo tollendo si ndugu yake na qui tollis peccata mundi? Pale si tunaimba uondoaye dhambi za dunia? Sasa ninyi mnamwondoa nani?" Grupu likanyamaza, halafu vikaanza vile vikatuni vya kucheka.

Ndipo nikapata huduma ya pili. Shangazi alinielekeza kwa mzee mmoja aliyewahi kufundisha Kilatini seminari, sasa amestaafu anafuga ng'ombe wawili. WhatsApp hana. Unapanda daladala, unatembea, unabisha hodi. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeleta sentensi au umeleta wino?" Alishaambiwa habari za fulana.

Akaisoma sampuli, akacheka hadi akaweka panga chini. Akasema sarufi haina kosa hata moja, na ndiyo hatari yake. Tollere ni kuinua, na pia ni kuondoa, hata kuondoa mtu duniani. Akanipa kisa cha Cicero, mwanasiasa na msemaji hodari wa Roma, mwaka 43 kabla ya Kristo. Cicero alisema kwamba kijana Octavianus, mrithi wa Julius Caesar aliyekuwa na miaka 19, inafaa asifiwe, apambwe kwa heshima, kisha tollendum: ainuliwe, au aondolewe, chagua mwenyewe. Utani ukamfikia Octavianus. Kabla mwaka haujaisha Cicero aliuawa, jina lake likiwa kwenye orodha ya watu wa kuuawa ambayo Octavianus naye aliikubali. "Na ninyi," akaniambia, "mnataka kulivaa kifuani mbele ya ndugu wanaogombania mipaka ya kihamba."

Hapo nikavuta kigoda. Alinifundisha kwa Kiswahili changu mwenyewe, na sehemu hiyo pekee ilistahili nauli. Surgimus, akasema, ile -mus ni "tu-" yetu, ila sisi tunaiweka kichwani na wao mkiani. Alios ni wengine wanaotendewa. Ukiandika alii, wengine hao ndio wanaotenda. Ile -ndo imebeba "kwa ku-" nzima. Kwa kuwa mikia ndiyo inayosema nani kamfanya nini nani, unaweza kupangua maneno na maana ikabaki. Nikamwuliza vipi kuhusu "kuinuana". Akatikisa kichwa: hiyo -na- yetu hawana, wangelazimika kuongeza neno la pembeni. Bibi angefurahi kusikia.

Hakunipa jibu siku ile. Alisema nirudi baada ya wiki, na niliporudi akaniambia bado analala nalo. Siku ya kumi na moja ndipo akanikabidhi karatasi, mwandiko wa kalamu, herufi kubwa: ALIOS ERIGENDO SURGIMUS. Erigere ni kusimamisha kilichoanguka, na alilitoa kwenye Zaburi ya 113 (katika Biblia ya Kilatini ya zamani ni ya 112), pale Mungu anapompandisha maskini kutoka jaani: erigens pauperem. Kitenzi kikuu kakiweka mwisho, kwa sababu Warumi walipenda hivyo, na kweli kinasikika kama mtu anayemaliza kusimama.

Bei ilikuwa elfu ishirini, na alinirudishia chenji mwenyewe. Kasoro anazo. Anachelewa, na usipokuwa mwangalifu utasikilizishwa Cicero mpaka daladala za jioni ziishe. Ukiwa na haraka ya mnada au harusi ya Jumamosi, usiende. Mimi bado nampa nyota tano, na lile duka nalipatia nyota mbili, kwa sababu kuchapa wanajua kweli, rangi haijachuja.

Tahadhari moja kwa atakayechapisha: msimamie mtu wa grafiki. Wetu alitaka kuandika SVRGIMVS ili ionekane ya kale. Ni kweli kwenye mawe Warumi walichonga V mahali pa U, lakini nilimkatalia. Wajomba zangu wangesoma nini?

Fulana sitini zilivaliwa Desemba. Ile ya sampuli, yenye tollendo, ninayo kabatini. Shangazi ameshaniambia nisiitupe: kuna ndugu wawili hawajatoa mchango wa mfuko tangu mwaka juzi, na anajua saizi zao.