Chokoleti ipi ununue ili mkulima wa kakao naye apate chake

Siku hizi kila chokoleti dukani inajinadi kuwa rafiki wa mkulima. Hapa nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: fedha inayofika shambani. Utamu ni juu yako.

Nafasi ya kwanza ni ile inayotaja kakao imetoka kwa nani, na mtengenezaji wake haoni aibu kutangaza bei aliyolipa. Mfano mzuri uko kwetu. Kokoa Kamili, kampuni iliyoanza mwaka 2013 katika bonde la Kilombero, Morogoro, hununua kakao mbichi, punje zikiwa bado na ute wake mweupe, kisha huivundika na kuianika yenyewe. Mkulima anauza na kurudi nyumbani. Kuvundika na kuombea jua si kazi yake tena. Dandelion ya San Francisco hutengeneza chokoleti ya asilimia 70 yenye jina la Kokoa Kamili usoni, na ripoti zake za manunuzi hutaja bei kwa tani. Askinosie ya Missouri nayo imefanya kazi na wakulima wa Mababu, Kyela. Kasoro yake ni bei: chokoleti hizi ni ghali, na duka la mtaani hazipo. Mwagize ndugu aliyeko Marekani.

Ya pili: chokoleti ambayo wakulima wana hisa ndani yake. Divine ilianzishwa London mwaka 1998, na Kuapa Kokoo, ushirika wa wakulima wa Ghana ulioundwa 1993, ni miongoni mwa wamiliki wake. Mwaka 2020 kampuni ya Ujerumani, Weinrich, ilichukua sehemu kubwa ya hisa, kwa hiyo siisifu kama zamani. Sambamba nayo naweka Tony's Chocolonely ya Uholanzi, ambayo juu ya malipo ya Fairtrade (nembo ninayoieleza hapa chini) huongeza fedha yake ili mkulima afikie kipato cha kuishi.

Ya tatu ndiyo utakayoikuta kwa urahisi zaidi, hasa Ulaya: nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki. Inafanya mambo mawili. Inaweka bei ya chini kabisa, yaani mnunuzi hashuki chini yake, ambayo mwaka 2019 ilipandishwa hadi dola 2,400 kwa tani, na inadai nyongeza ya dola 240 kwa tani inayokwenda kwenye ushirika, wanachama wakaamua wenyewe: kisima, miche, darasa, au wagawane taslimu. Sasa piga hesabu. Dola 240 kwa tani ni senti 24 kwa kilo, kwa hiyo chokoleti nyeusi ya gramu 100 yenye kakao asilimia 70 inapeleka kama senti 2 tu. Ile ya maziwa, yenye kakao asilimia 30, haifiki hata senti 1. Ukitaka fedha yako ifike, chukua nyeusi.

Bei ya chini nayo ina msimu wake. Mwaka 2024 soko la dunia lilipita dola 10,000 kwa tani, na kinga ya 2,400 ikawa haina kazi. Kyela, kakao inakouzwa kwa mnada kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na stakabadhi ghalani, mkulima anaweza kufaidi kupanda kwa bei kama kule. Ghana bei ya msimu hupangwa na serikali, kwa hiyo neema ilichelewa. Kinga hii thamani yake huonekana soko linapoporomoka.

Ukiona mshale pembeni ya nembo ya Fairtrade, geuza pakiti usome. Mara nyingi maana yake ni kwamba kakao ya ushirika imechanganywa kiwandani na ya kawaida, na hesabu zinalingana kwenye vitabu tu. Mimi halinisumbui, maana mkulima kauza tani ileile.

Ya nne ni nembo ya chura ya Rainforest Alliance. Msitu unapata ulinzi, lakini bei ya chini haipo. Kuanzia 2022 mnunuzi anatakiwa kuongeza angalau dola 70 kwa tani, na tofauti na 240 unaiona.

Mkiani nimeweka programu za kampuni zenyewe. Cadbury Dairy Milk ya Uingereza ilivaa nembo ya Fairtrade mwaka 2009, na mwaka 2016 ikatangaza kuhamia Cocoa Life ya kampuni mama, Mondelēz. Mafunzo na miche vipo, ila kanuni anazitunga mnunuzi mwenyewe.